Saa ya Maswali

Siku ile nilivaa gauni la kijani, lile lenye vifungo vya mbele kuanzia shingoni mpaka magotini. Vidole vyangu na vifungo havijawahi kuelewana, kwa hiyo ilibidi mama anifunge. Alifunga polepole makusudi, ili apate muda wa kunichokoza.

"Gauni la kutokea," alisema. "Kumbe siku hizi wanachuo wanafundishwa kwa gauni."

"Ni gauni tu, mama."

"Na hayo manukato nayo ni manukato tu?"

"Mama, vifungo."

"Navifunga, bibi. Inua kidevu."

Nilinyamaza, maana ningeendelea kujibu ningesema yote. Mama hakujua lolote kuhusu mtu aliyeitwa Taratibu, na nilitaka ibaki hivyo kwa muda kidogo. Alimaliza kifungo cha mwisho, akaninyoosha kola, akaenda jikoni kupanga vikombe vyake vya Alhamisi kwenye sinia.

Nina mtindio wa ubongo. Nalisema mapema kwa sababu ndivyo ninavyoanza mbele ya kila darasa. Nilipozaliwa nilichelewa kulia, hewa ikachelewa kufika kichwani, na tangu hapo misuli yangu inasikia amri pale inapotaka yenyewe. Mkono wa kushoto umejikunja kifuani, miguu inakwenda kwa msaada wa magongo, la kushoto likiwa limefungwa kwenye kiwiko, na maneno yanatoka yakijiburuta. Nikiyaandika hapa yanaonekana yametoka haraka. Hayatoki haraka. Akili yangu haina kasoro yoyote isipokuwa ukali kidogo, na huo nimeurithi.

Chuo cha afya kilichopo nyuma ya hospitali ndicho kilichoniomba niwe nakwenda kila Alhamisi. Nawaeleza wanaosomea uuguzi na tiba ya viungo maisha yangu yalivyo, ili siku wakikutana wodini na mtu kama mimi wasiongee juu ya kichwa chake. Utotoni daktari mmoja alimwuliza mama, mimi nikiwa nimekaa palepale, "Huyu anaelewa?" Mama akamjibu, "Anaelewa, daktari. Anakusubiri wewe tu." Darasa hucheka sana hapo. Mimi pia hucheka, ingawa siku ile sikucheka.

Masharti yangu ni machache. Omba ruhusa kabla hujanigusa. Usinimalizie sentensi, hata ukidhani umeshajua ninakoelekea. Kisha kuna sharti nililojiwekea mwenyewe, la saa ya maswali: niulize chochote, nitakujibu kweli. Wameshaniuliza ninavyokwenda chooni, nikaeleza. Wameuliza kama nimewahi kumchukia mama, nikajibu ndiyo, nikiwa na miaka ya ujana, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu. Wanachuo wananiita Dada Alhamisi, na jina hilo nalipenda.

Lipo jambo moja ambalo hawakuwahi kuliuliza. Kila Alhamisi wananishika. Wanakunjua kiwiko, wanapima goti, wanasikiliza misuli inavyokaza na inavyolegea. Wanaomba ruhusa vizuri, wananishika vizuri, kisha wananiachia na kwenda kuandika. Ijumaa mpaka Jumatano hakuna anayenigusa isipokuwa mama na vifungo vyake. Nilikuwa nimezoea, au nilijiambia nimezoea, mpaka alipokuja Taratibu.

Alikuwa mkufunzi mpya wa tiba ya viungo. Wanachuo walimpa jina hilo kwa sababu kila akishika mguu wa mtu husema, "Taratibu, taratibu," kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Siku ya kwanza kukutana naye darasa lilikuwa na joto, nikaanza kusema neno, likakwama. Watu wakanivamia kwa wema. Maji? Kiti kingine? Unajisikia vibaya? Yeye alisimama tu, mikono nyuma, akinitazama usoni kwa utulivu wa mtu asiye na basi la kuwahi. Nikamaliza: "Naomba dirisha lifunguliwe." Akaenda akalifungua. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na homa ambayo dawa yake haiuzwi dukani.

Baadaye tukawa tunakaa kwenye benchi lililo nyuma ya chumba cha kufulia, shuka za hospitali zikiwa zimeanikwa mbele yetu na kutuficha. Huko ndiko alikoniuliza siku moja, "Naweza kukushika mkono?"

"Unauliza kama mkufunzi?"

"Hapana."

"Kama nani?"

"Kama mimi."

Alinishika ule wa kushoto, uliojikunja, ambao watu huushika ili waunyooshe. Hakuunyoosha. Aliushika ulivyo. Tangu siku hiyo alinisindikiza mpaka getini kwetu kila Alhamisi, na hakuna aliyejua. Tulikubaliana tusimwambie mtu mpaka kwanza aongee na dada yake. Nilikubali kwa moyo mweupe. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu hachagui sahani.

Basi Alhamisi ile ya gauni la kijani, saa ya maswali ilifika. Taratibu alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama kawaida yake. Waliuliza kuhusu usingizi, kuhusu maumivu ya mgongo, kuhusu kazi yangu ya kuchapa kwa kompyuta kwa kidole kimoja. Kisha binti mmoja wa mstari wa mbele, mwenye miwani mikubwa, akanyoosha mkono.

"Dada Alhamisi, samahani kama nakosea."

"Uliza."

"Una mtu? Yaani, yupo anayekupenda? Kimapenzi."

Wengine walimtazama yule binti kama aliyevunja sahani ya wenyewe. Mimi nilifurahi. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyojua, na moyo ulinienda mbio mpaka magongo yaliyoegemea kiti changu yakatikisika. Niliinua macho nikamtafuta Taratibu kule nyuma. Niliona ananitazama. Macho yale niliyajua, nilishayatazama kwa karibu nyuma ya shuka zilizoanikwa, na sikutarajia chochote kutoka kwake ila tabasamu.

Akatikisa kichwa. Kidogo tu, kushoto na kulia, mara moja.

Nilifungua mdomo. Neno lilichelewa, na wote walisubiri kwa heshima kama nilivyowafundisha.

"Sina," nikasema.

Yule binti alishusha macho. "Pole, dada."

"Usinipe pole. Umeuliza vizuri. Mwingine?"

Hakukuwa na mwingine. Nilibeba tabasamu langu mpaka darasa lilipoisha, na lilikuwa zito.

Alinikuta kwenye korido, karibu na chumba cha kuhifadhia mifupa ya plastiki. Nilikuwa nimeshaanza kuondoka, lakini mtu wa magongo hawezi kumkimbia mtu.

"Mbona umesema huna?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Umenitikisia kichwa."

"Nilimaanisha usijibu. Ungeliruka, ungesema swali lingine."

"Mimi siruki swali. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana nimeshangaa umedanganya."

"Sikudanganya. Nilikuwa na mtu mpaka ulipotikisa kichwa. Nilipofungua mdomo, nilikuwa sina."

Aliegemea ukuta. Alikuwa amevaa koti lake jeupe, na mfukoni kilichungulia kile kinyundo kidogo cha kugongea goti. Nilikitazama hicho ili nisimtazame yeye.

"Ungesema una mtu wangeuliza ni nani," alisema.

"Ningewaambia hilo si langu kulijibu."

"Wangetazamana. Halafu wangegeuka wanitazame mimi. Hawa watoto si wajinga."

"Na wakikutazama?"

Mhudumu alipita na kigari cha shuka, tukampisha, tukasalimiana naye kama watu wasio na tatizo.

"Dada ndiye aliyenilea," alisema mhudumu alipokwisha kupita. "Unajua. Ameshona nguo za watu mpaka macho yakapoteza nguvu, ili mimi nisome. Juzi aliniuliza nitamletea wifi lini. Nikamwambia yupo mtu. Akafurahi, akaiacha hata cherehani. Akaniuliza yukoje, nikaanza kumweleza. Nilipofika kwenye magongo akanikatiza. Akasema, 'Umepata mke au umepata mgonjwa?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilinyamaza."

"Na leo tena umenyamaza, kwa kichwa. Unaelekea kuwa fundi."

"Usinifanyie hivyo."

"Nikufanyie vipi? Nikuombe radhi kwa kuulizwa? Nimekaa pale mbele nikaeleza ninavyooga, wewe ukiwa umekaa nyuma unasikiliza. Kila kitu changu kimeshajadiliwa chumba kile. Kitu pekee kilichofichwa ni wewe. Si kwamba sikuelewi. Unaogopa ku—"

"Kumwudhi dada. Ndiyo, naogopa. Nifanyeje?"

Nilimtazama. Nadhani na yeye alisikia alichofanya, kwa sababu alifumba macho.

"Nilitaka kusema kuonekana," nikamwambia. "Unaogopa kuonekana."

Tangu nimjue hakuwahi kunimalizia sentensi. Watu wote duniani walikuwa wamenimalizia, mjomba, makasisi, wauza duka, na yeye peke yake alikuwa amesubiri.

"Naweza kukushika mkono?" aliuliza.

"Hapana."

Sikuwahi kumjibu hivyo. Akaurudisha mkono wake mfukoni, hakulazimisha, hakusogea. Hata katika kuniumiza alikuwa mwanafunzi mzuri.

Nilirudi nyumbani peke yangu. Chuo na kwetu si mbali, ila mimi nina barabara ndefu kuliko za watu wengine. Nilisimama kwenye makutano ili nifute macho, na kwa kuwa mkono mmoja umeshika magongo na mwingine una mambo yake, kazi ya kufuta macho inachukua muda. Mtu mmoja mwema akaniona. Hakuuliza. Alinishika kiwiko, akanyoosha mkono kuyasimamisha magari, akanivusha mpaka ng'ambo, akaniombea baraka, akaenda zake. Sikuwa navuka. Kwetu ni upande uleule niliokuwa nimesimama. Nilikaa pale ng'ambo nikisubiri magari yapungue ili nirudi nilikotoka, na nilicheka kidogo, halafu nikatafuta nani wa kumsimulia, na aliyekuja kichwani alikuwa yeye.

Mama alikuwa sebuleni, sinia mezani.

"Leo wamekuuliza nini?" Ndiyo salamu yake ya Alhamisi.

"Wameniuliza kama yupo anayenipenda."

Alikuwa ameinua birika. Alilishikilia hewani bila kumimina. "Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia sina."

"Kumbe nimezaa mwongo."

"Mama."

"Yule anayekusindikiza mpaka getini kila wiki, halafu anasimama kuutazama mlango mpaka ufungwe, ni nani? Msoma mita?"

Nilikaa. Nilikaa vibaya, nusu ya kiti, akaja akanisogeza bila kuuliza, maana yeye ana kibali cha kudumu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunisumbua na manukato. Na hiki kikombe cha tatu ulidhani nakiweka cha nani?"

Nilikitazama. Kweli kilikuwepo, na kilikuwepo wiki zote zilizopita, kimefunikwa na kisosi. "Nilidhani cha jirani."

"Jirani ana vikombe kwake. Kila Alhamisi najiambia leo ataingia. Nikisikia geti nafunga kitambaa kichwani vizuri, nakaa kama mama wa watu. Halafu unaingia peke yako, unaniambia mgongo unauma."

"Niliogopa utakataa."

"Nikatae nini? Angeingia ningemwuliza anakupendea nini. Akishindwa kujibu ningemfukuza. Lakini ningemfukuza akiwa ameshakunywa chai."

Nilitaka kucheka, kikatoka kilio. Kilio changu ni kibaya, uso unavutwa upande mmoja na mwili wote unakaza, si kile cha kwenye picha. Mama alinishikilia kichwa mpaka misuli ikachoka yenyewe. Kisha akachukua kile kikombe cha tatu, akakikausha ingawa hakikuwa na maji, akakirudisha kabatini na kufunga mlango wa kabati.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Alinitumia ujumbe: samahani. Akatuma mwingine: niambie niseme nini. Sikujibu, kwa sababu kama ni mimi wa kumwambia aseme nini, basi ni mimi nitakayekuwa nimesema. Nilichapa kazi za watu. Kulikuwa na kadi za mwaliko wa harusi, na kwa kidole changu kimoja nilitafuta herufi moja moja za "kwa furaha kubwa" mpaka nikazichukia. Jumapili nilikaa dirishani nikauangalia mkono wangu wa kushoto. Niliukumbuka ukishikwa ulivyo. Jambo baya la kupendwa kidogo ni kwamba kunakufundisha ukubwa wa nafasi iliyokuwa tupu. Kabla yake nilikuwa mpweke bila kujua kipimo.

Alhamisi mama alinifunga vifungo bila utani. Hakuuliza kuhusu gauni, ingawa lilikuwa lilelile la kijani.

"Unaweza kukaa nyumbani leo," alisema.

"Naweza."

"Lakini unakwenda."

"Nilijibu vibaya. Nakwenda kurekebisha."

Darasa lilikuwa lilelile. Taratibu alikuwa palepale nyuma, amekonda usoni kwa wiki moja, au niliona hivyo kwa sababu nilitaka. Nilikaa mbele, nikaegemeza magongo, nikasema leo nitaanza na saa ya maswali, kwa kuwa lipo moja nililolijibu vibaya.

"Wiki iliyopita mwenzenu aliniuliza kama yupo anayenipenda. Nikasema sina." Hapo neno likakwama, wakasubiri. "Nimekaa nalo wiki nzima. Mimi huwakataza kumjibia mtu mwingine, na hapo nilimjibia mtu mwingine. Kama ananipenda au hanipendi, ni jibu lake yeye. Langu mimi ni hili. Nampenda mtu. Nampenda sana. Nilimpenda siku aliponifungulia dirisha."

Kalamu zote zilikuwa zimesimama. Hakuna aliyeandika.

Yule binti wa miwani akanyoosha mkono nusu. "Na yeye? Anakupenda?"

"Hilo sijui. Angekuwepo angejibu mwenyewe."

Sikumtazama. Niliapa nisimtazame, nikatazama dirisha, ambalo siku hiyo lilikuwa wazi. Nilijiambia kimya hiki nitakihesabu kuwa jibu, nitapokea swali lingine, nitaeleza kuhusu mgongo, nitakwenda nyumbani, na mama hatauliza. Nilikuwa tayari. Nilishaanza hata kuvuta pumzi ya kusema, "Mwingine?"

Kiti kikasogea nyuma. Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja, na ndipo na mimi nikageuka.

Taratibu alikuwa amesimama. Mkono wake mmoja ulikuwa umenyooshwa juu, kama mwanachuo. Mwingine ulikuwa umekamata koti lake jeupe kifuani. Walikuwa wanamtazama wote, kila mmoja wao, kama vile alivyoogopa.

"Mimi," alisema.

Ikawa basi. Mdomo ulibaki wazi, na hakuna kilichotoka. Niliujua uso ule. Ni uso wangu, ninaouona kwenye kioo neno linapogoma. Sikujua anachotaka kusema. Huenda ni kwamba ananipenda. Huenda ni kwamba anaomba radhi na anaondoka. Watu wengi wameanza sentensi mbele yangu wakaziacha njiani, na nilikuwa peke yangu pale mbele kuliko nilivyowahi kuwa.

"Mwalimu," alisema binti wa miwani kwa huruma, akainuka nusu kutoka kitini, "unataka kusema kwamba wewe ndiye—"

"Msimmalizie," nikasema.

Yule binti akakaa. Mtu mmoja akaweka kalamu chini. Nje mhudumu alipita na kigari chake, kikalia, kikafifia.

"Tumsubiri," nikasema, na nikainua macho nikamtazama usoni, kwa utulivu wote niliokuwa nao, kama alivyonitazama siku ile ya joto.